Jinsi Nilivyoipaka Darubini Rangi ya Bunduki

Mimi ni polisi wa akiba huku Kangeta, na bunduki yangu ni ya zamani, ya mbao, chuma chake cheusi kinachoelekea kahawia. Juzi stoo ikanipa darubini ya kufunga juu yake, inang'aa kama sufuria mpya! Bunduki ikaonekana kama mzee aliyevalishwa viatu vya bibi harusi.

Nilizunguka maduka Meru mjini nikitafuta darubini ya rangi ile, nikakosa. Basi nikachanganya rangi ya viatu, nyeusi na kahawia, nikaipaka yote mpaka ikafanana na bunduki kabisa. Nikamlenga jogoo wa jirani, bila risasi jamani, kisha nikaenda kwenye baraza la kijiji. Njiani kila mtu alinitazama akitabasamu. Nikajua wameipenda.

Barazani afande, mkubwa wangu wa kazi, akasema, "Hebu lete nione." Akaibana jichoni, akaangalia ng'ombe wa ng'ambo. Alipoishusha, jicho lake lilikuwa na duara jeusi pande zote. Hakujua. Akaanza kutuhutubia kuhusu usafi wa silaha, huku akina mama wakificha nyuso kwa leso. Mwishowe akajipangusa, akaona vidole vyake.

"Nani amepaka hii kitu?"

Nilijiona nikinyang'anywa bunduki mbele ya watu.

"Afande, ilitoka stoo hivyo," nikasema. "Mimi hata sijaiweka kwa jicho."

Baraza lote likaangua kicheko. Mama Kinya, mwenye yule jogoo, akatoa kioo kidogo kwa kibeti, akanipa. Nikajitazama. Mimi na afande tulikuwa tumefanana kuliko darubini na bunduki.