Kusoma na Daftari Limefungwa

Chuoni walimwita Chapa, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa kama umetoka kwenye mashine. Alikuwa mwaka wa pili wa udaktari, kijana mrefu na mpole, mwenye mkoba uliojaa kalamu kuliko vitabu. Mishipa inayotoa damu moyoni aliiandika kwa wekundu, inayoirudisha kwa buluu, neva kwa manjano, na kila jina la dawa lilikuwa na kisanduku chake kilichopigwa kwa rula. Kipindi kikiisha, wenzake walijiendea zao bila wasiwasi. Walijua kwamba kabla wiki haijakwisha madokezo ya Chapa yangekuwa yamefika kwenye duka la kutoa nakala pale getini, na mwenye duka naye alishazoea kuwauliza, "Za yule kijana wa rangi?"

Kilichomwangusha ni somo la dawa, famakolojia. Matokeo yalipobandikwa, karibu darasa zima lilikuwa limepita, wengi wao kwa nakala zake. Yeye akajikuta kwenye orodha ya wanaorudia mtihani. Kiongozi wa darasa, ambaye walimwita Mheshimiwa kwa jinsi alivyopenda kusimama mbele za watu, alidhani wamekosea kuchapa. Alimfuata kwa nia njema kabisa akamshauri waende ofisini, karatasi ikasahihishwe upya. Chapa akaitikia, lakini hakwenda. Alijua alichojibu. Ndani ya chumba cha mtihani aliuona ukurasa wenyewe akilini: upande wa kushoto, kisanduku cha kijani, chini ya mchoro wa figo. Alikumbuka vizuri mahali palipoandikwa. Kilichoandikwa hakikuja.

Likizo hiyo ikakutana na matatizo ya nyumbani. Bibi yake mzaa baba alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani na fremu ya kutembelea na mfuko wa dawa. Shangazi yake, aliyeishi na bibi, alikuwa karani wa mahakama, na ruhusa ya kazini ilikuwa imekwisha. Ikaamuliwa kwenye simu, Chapa mwenyewe akisikiliza tu, kwamba kwa vile anarudia mtihani na hana pa kwenda, atakuja kukaa na bibi mchana. Shangazi angemwogesha na kumvalisha asubuhi kabla ya kutoka. Mengine yote ni ya Chapa.

Alifika na sanduku la nguo na sanduku jingine la madaftari. Mpango wake ulikuwa ni kuandika upya madokezo yote ya famakolojia, safari hii vizuri zaidi.

Bibi alimpokea akiwa kitini karibu na dirisha. "Mume wangu amekuja kuniuguza," alimwambia shangazi. "Sema tu amekonda. Huko wanamlisha karatasi." Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kali. Ujanani alifanya kazi ya kuunganisha simu, enzi ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine unamwomba kwanza opereta, na tangu hapo hakuweza kuvumilia mtu anayemung'unya maneno.

Taabu ilianza siku ya kwanza, wakati wa vidonge. Chapa alivipanga kwenye kisahani, akamletea na maji. Bibi akakinyanyua cha kwanza kwa vidole viwili, kama mtu aliyekuta mdudu kwenye mchele, akauliza ni cha nini. Chapa akasema ni dawa tu, Bibi, meza. Bibi akakirudisha. Alisema hamezi kitu asichokijua, hata kikiletwa na mume wake.

Basi Chapa akaenda kuleta daftari. Akafungua ukurasa, akasoma kwa ufasaha wote: dawa ya kuzuia damu kuganda, inavyofanya kazi, madhara yake, mambo ya kuangalia. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma vizuri," akasema. "Kama taarifa ya habari. Sasa funga hilo daftari uniambie mimi."

Chapa akalifunga. Akafungua mdomo. Alianza na damu, akasema huwa inaganda, akasema kuna vitu ndani ya damu vinavyoigandisha, halafu akakwama. Kwa nini mtu aliyevunjika nyonga aogope damu kuganda mguuni? Ile damu iliyoganda ikiachwa inakwenda wapi? Alikuwa ameviandika vyote, kwa rangi, na hakikuwepo hata kimoja. Alijisikia joto linampanda masikioni. Bibi alimwangalia kidogo, akamhurumia, akameza.

Kesho yake bibi akakinyanyua kile kile, kwa vidole vile vile, akauliza ni cha nini.

Mwanzoni Chapa alidhani anamtania. Alipomtazama akaona hapana, swali lilikuwa jipya kabisa machoni mwake. Akajaribu tena bila daftari. Safari hii alikuwa amesoma usiku, akafika mbali kidogo: mtu akilala muda mrefu damu ya miguuni inazembea, ikizembea inaganda, na bonge likichomoka linaweza kwenda kuziba mapafu. Bibi akauliza kidonge kinafanya nini basi, kinaliyeyusha hilo bonge? Chapa akakwama tena. Alilazimika kwenda kuangalia, akarudi kusema hapana, hakiyeyushi, kinazuia tu lisitengenezwe. Bibi akaridhika.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Kidonge cha kuzuia damu kuganda, cha presha, cha maumivu, cha kulinda tumbo kwa sababu ya kile cha maumivu. Bibi alisahau ya jana yote, na kila alipouliza upya Chapa alijibu upya, na kila alipojibu alijua wapi pana tundu. Wiki ilipokuwa inaelekea ukingoni akagundua jambo lililomshangaza. Zile dawa za kwenye kisahani alikuwa anazijua. Hakuziona kurasa zake tena. Alijua tu, kama anavyojua njia ya kwenda dukani. Na zile alizoziandika upya mezani jioni kwa kalamu mpya, zenye visanduku vya kupendeza, zilikuwa zimeshaanza kumtoka.

Hakulala na furaha siku hiyo. Kwa mtu aliyesifiwa miaka yote kwa madaftari yake, kuambiwa na kichwa chake mwenyewe kwamba alikuwa anapamba tu si jambo dogo. Lakini hakuwa mbishi. Asubuhi alizifunga kalamu zote kwa raba akaziweka juu ya kabati.

Akabadilisha utaratibu. Bibi akilala baada ya chakula cha mchana, alisoma kurasa chache tu, akafunga kitabu, akajiuliza mwenyewe kwa sauti ya chini kilichomo. Bibi akiamka alimsimulia. Bibi alikuwa msikilizaji mgumu. Habari ikimchosha alifumba macho kabisa, na Chapa akajifunza kwamba mahali anaposinzia bibi ndipo hata yeye hajaelewa, anarusha maneno makubwa tu. Akielewa kweli aliweza kusema kwa maneno ya kawaida, na bibi aliuliza swali. Alichokisema bila kukwama alikiacha kipumzike siku kadhaa ndipo akirudie. Kilichomshinda alikirudia kesho yake. Maswali ya mitihani ya miaka ya nyuma, ambayo zamani aliyaweka akiba mpaka amalize kusoma, sasa aliyafanya mwanzoni, akakosa, ndipo akasoma. Saa za kulala zikifika alilala.

Shangazi hakupendezwa. Kila siku alirudi kutoka kazini akawakuta wanaongea, meza haina karatasi, kalamu ziko juu ya kabati. Alivumilia, halafu siku moja jikoni akamweleza yaliyokuwa moyoni. Alisema hakumleta mtoto wa kaka yake hapa ili aje apige soga na mtihani uko mlangoni. Alisema zamani alikuwa akimkuta ameinama anaandika, na moyo wake unatulia. Chapa alijaribu kumweleza, lakini ukweli ulikuwa mgumu kuuingiza kwenye maneno: kwamba bibi akisahau yeye anakumbuka. Aliposema hivyo, shangazi akaacha kukata vitunguu.

"Kwa hiyo umeliona," akasema.

"Nimeona nini?"

"Kwamba anasahau. Hakuanza alipoanguka. Ana mwaka sasa. Mimi nilikuwa najiambia ni uzee."

Chapa alikuwa amekaa na bibi siku zote hizo, mwanafunzi wa udaktari, akifurahia kila swali lilivyorudi, na hakuwahi hata mara moja kujiuliza kwa nini linarudi.

Bibi alipopelekwa hospitali kuangaliwa nyonga, wakamwomba daktari amwangalie na hilo jingine. Daktari, mama mmoja mtulivu, alimpa bibi maneno matatu ayashike, wakaongea mengine kidogo, akamwomba ayarudishe. Bibi akarudisha moja. Akatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyeangusha kijiko. Daktari hakuficha: kumbukumbu inapungua, itaendelea kupungua, kuna mambo ya kusaidia ila hakuna ya kuirudisha. Nyonga yenyewe inakwenda vizuri.

Siku zilizofuata Chapa alishindwa kumsimulia kitu. Vidonge alimpa, akamjibu kwa mkato. Ilimjia kwamba amekuwa akifaidi ugonjwa wa mtu, tena wa mtu anayemwita mume wangu. Bibi alivumilia, kisha akamwambia avute kiti.

"Umekasirishwa na nini?"

Chapa akasema hajakasirika. Halafu, kwa kuwa bibi hakuondoa macho, akasema lote: kwamba huwa anauliza maswali yale yale, na yeye amekuwa akiyajibu kwa ajili ya mtihani wake.

Bibi hakushtuka. "Najua nauliza yale yale," akasema. "Silijui swali, lakini nakuona usoni kwamba nimeshauliza. Shangazi yako nikirudia anapandisha sauti. Si mbaya, amechoka. Wewe unanijibu kama ndiyo mara ya kwanza. Kwa hiyo wewe nakuuliza."

"Nilikuwa najibu kwa faida yangu, Bibi."

"Sasa ulitaka ujibu kwa hasara? Lete chai."

Akaleta chai. Jioni, bibi akiwa ameshalala, alimweleza shangazi maneno hayo, bila kuongeza wala kupunguza. Asubuhi yake Chapa alimsikia shangazi chumbani akimvalisha mama yake, akijibu kwamba leo si Jumapili, kisha akijibu tena, kwa sauti ile ile ya kwanza.

Mtihani wa marudio ulikuwa na karatasi na ulikuwa na mahojiano. Karatasi aliiandika bila kuona ukurasa wowote akilini. Kwenye mahojiano walimkalisha mbele ya wahadhiri wawili, mmoja mzee mwenye miwani minene ambaye wanafunzi walimwogopa. Aliulizwa dawa za kuzuia damu kuganda. Chapa akaanza kueleza damu inavyozembea miguuni mwa mtu asiyetembea, mpaka mzee akainua mkono na kumkumbusha kwamba hapa wanaongea lugha ya kitabu. Akaomba radhi, akaanza upya kwa lugha ya kitabu, na lugha ilikuwepo. Walimsukuma kwenye kona kadhaa. Kona moja alikiri kwamba hajui, jambo ambalo zamani angelizungushia maneno. Alifaulu. Hakung'aa, alama zake zilikuwa za katikati, lakini alitoka mle ndani akijua kwamba alichonacho ni chake.

Muhula ulipofunguliwa Mheshimiwa alimwahi mlangoni akampongeza, halafu akauliza madokezo ya somo jipya yatatoka lini. Chapa akasema hataandika tena kwa ajili ya nakala. Habari hiyo ilipokelewa vibaya. Wengine walisema amekuwa mchoyo tangu afeli, na mwenye duka la nakala naye aliuliza amemkosea nini. Iliuma, maana alikuwa mtu wa kupenda kupendwa. Alichowapa badala yake ni meza moja nyuma ya maktaba, jioni, kila mtu aje na kitabu kilichofungwa, waulizane. Walikuja wachache. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu, watu wazima wanashindwa kusema moyo una vyumba vipi bila kuchungulia. Msichana mmoja mkimya, ambaye hakuna aliyewahi kusikia sauti yake, ndiye aliyekuja kuwa muulizaji hatari kuliko wote. Mheshimiwa alikuja mara moja, akachekwa, akaondoka. Baadaye alirudi, na safari hiyo alikaa.

Sasa Chapa yuko mwaka wa nne, anazunguka wodini na koti ambalo mikono yake ni mifupi kwake. Wagonjwa wanampenda kwa sababu anawaeleza dawa zao bila haraka, ingawa daktari mkuu humsukuma aende mbele, kuna vitanda vingine. Bado hasomi kwa urahisi. Kila somo jipya hupitia siku za kukwama na kujiona mjinga, ila siku hizi hazimtishi.

Nyumbani huenda kila likizo. Bibi anatembea mpaka uani bila fremu, ameshika ukuta. Shangazi siku hizi anafanya kazi nusu siku ili awe karibu. Likizo iliyopita Chapa aliingia akamkuta bibi mlangoni, amesimama wima, anamsubiri mtu. Bibi alimtazama juu mpaka chini, kwa heshima ya wageni.

"Wewe ndiye fundi bomba?" akauliza. "Umechelewa sana."

Shangazi, nyuma yake, alitaka kusema kitu. Chapa akamtikisia kichwa. Akaweka begi lake chini, akaomba radhi kwa kuchelewa, akauliza bomba lenyewe ni lipi. Bibi akamwongoza jikoni polepole, mkono ukutani, akimweleza njia nzima jinsi maji yanavyopotea. Chapa akapiga magoti chini ya sinki. Kweli lilikuwa linavuja, na raba ya ndani ilikuwa imelika. Akamwita shangazi amtafutie spana.