Kopo la Mama wa Mitumba

Habari za dunia mimi huzisikiliza nikikaanga samaki. Kibanda changu kiko Dunga, ufukweni Kisumu, karibu na mahali mashua zinaposhusha samaki, ngege na omena, na redio yangu haizimwi hadi karai lipoe. Kwa hiyo najua nani kampiga nani, nani kafunga mpaka na rais gani kamtukana mwenzake. Wateja wangu wanajua zaidi. Mtu akishawekewa samaki na ugali mbele yake, anakuwa balozi.

Asubuhi moja redio ilisema kwamba nchi kubwa ya ng'ambo, iliyokuwa ikitununulia dawa za virusi vya UKIMWI miaka yote, imesimamisha misaada. Mteja mmoja akacheka akitoa mwiba mdomoni.

"Wacha wafunge. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Watu wajitegemee."

"Lakini Baba, kuna watu watakufa," mwenzake akamwambia.

"Kwani nani hafi?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilisimama na upawa mkononi nikimtazama kisogo chake, samaki akaungua upande mmoja. Alipoagiza wa pili, samaki huyo nikampa yeye, upande mzuri ukiwa juu. Hakujua kwamba mmoja wa hao watakaokufa ndiye aliyempikia. Pale ufukweni hakuna anayejua.

Wanaojua ni watu watatu tu. Tulikutana kwenye benchi la kliniki, tukaunda kikundi: mmoja wetu huenda hospitali kwa zamu na kuwachukulia wote dawa, ili wengine wasipoteze siku ya kazi. Yuko mzee mmoja, fundi wa mashua. Yuko msichana muuza mboga, ambaye wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Na yuko mama wa mitumba, aliyekuja Kisumu zamani kutoka mkoa wa kati kutafuta biashara. Vidonge hulia ndani ya chupa, na mlio huo mtaani kwetu unajulikana. Zamu yangu ikifika, mimi huzizika chupa kwenye beseni la omena kavu, na hakuna aliyewahi kuniomba nimfunulie.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Hospitalini nilikuta mlango wa mshauri wetu una kufuli. Alikuwa ameachishwa kazi. Muuguzi alinipa chupa ndogo, moja kwa kila mtu, badala ya zile kubwa tulizozoea. Nikamwuliza nyingine zitakuja lini.

"Mama, hata mimi nasikiliza redio kama wewe," akasema. "Lakini mtu asiruke hata siku moja. Sana sana yule mjamzito."

Hakuwa na haja ya kunieleza. Msichana akikosa dawa, mtoto angeweza kuzaliwa na virusi.

Jioni tulikutana nyumbani kwa mama wa mitumba. Nikapanga chupa mezani. Msichana akazitazama, akajishika tumbo, machozi yakamtoka. Mzee akamsukumia chupa yake.

"Mimi nimekula samaki ya kutosha hapa duniani. Chukua, mtoto yangu."

Nami nikamsukumia yangu, na mdomo wangu ukafunguka. Nilimtukana rais wa ng'ambo, halafu nikaigeukia serikali yetu, ambayo miaka hiyo yote ilijua kwamba uhai wetu unalipiwa na mtu mwingine na haikuweka akiba. Kwa kweli nilikuwa naogopa. Ukiwa mgonjwa maskini, siasa za mbali zinalala na wewe kitanda kimoja.

"Mkiruka dawa, nani atazika nani?" mama wa mitumba akauliza. "Mzee, rudisha hiyo chupa."

Akainama chini ya kitanda, akavuta kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na chupa za dawa ambazo hazijafunguliwa, kila moja imevalishwa soksi ya mtoto ya mitumba ili isilie.

Mzee akamwuliza amezitoa wapi. Mama alijibu kwa ufupi, akikunja soksi. Mwaka ule wa vita vya uchaguzi, alipofukuzwa Kisumu, alikimbia na nguo za mwilini tu. Dawa zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikachomwa. Huko alikokimbilia aliugua karibu afe. Aliporudi alijiwekea desturi: dawa ikibaki ya ziada huitunza, mpya ikija huingia koponi, na ya zamani ndiyo humezwa kwanza isije ikaharibika. Lilikuwa kopo la kukimbia nalo. Waliomfukuza walikuwa watu wa lugha yangu, na nadhani baadhi yao hula kwangu.

Akalichukua kopo lote, akaliweka juu ya mapaja ya msichana.

"Na wewe, Mama?" msichana akauliza.

"Mimi si niko na chupa yangu kama hawa?"

Dawa zilirudi baadaye, ingawa si kama zamani. Mtoto alizaliwa, wa kike, mwenye sauti ya mnadi samaki. Kila alipopimwa majibu yalikuwa safi, na siku ya majibu ya mwisho mzee alifunga karakana, akatununulia soda.

Nashukuru. Namshukuru hata mtu wa ng'ambo nisiyemjua, labda mfagiaji katika mji wa baridi, aliyekatwa kodi ili mimi niishi. Nikimwombea nakosa jina, basi namwambia Mungu: yule. Mteja wangu bado anasema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Umaskini ni kweli ninao, lakini sijafa, na mkono wa ndugu ndio ulionifikisha hapa.

Sasa redio imeanza tena kuzungumzia uchaguzi, wa kwetu safari hii. Kopo la mama wa mitumba lilikuwa tupu tangu mimba ile. Tumelijaza sisi, kila mmoja kwa ziada yake, zamu baada ya zamu. Juzi nilimpelekea mama alione, nimelificha chini ya omena. Msichana alikuwa amezivalisha chupa soksi za binti yake, zilizokuwa zimemwia ndogo.

Mama alilipokea, akalitazama, akataka kulirudisha chini ya kitanda.

"Hapana," nikamwambia. "Hili litakaa kwangu. Wakikufukuza tena, usikimbilie mbali. Kimbilia pale dawa zako ziko."