Ndege ya Mwenzake

Maud alirudi kwa lori, amefunikwa turubai. Wachunguzi wa ajali walikuwa wamemaliza naye, na siku moja ya Februari, ardhi ya Lincolnshire, Uingereza, ikiwa bado ngumu kwa jalidi, wakamrejesha kwenye banda letu la ndege za kale vipande vipande ndani ya makasha. Ray Housego hakutaka msaada wa kuyashusha. Aliyapanga kwenye kona yake, akaketi juu ya mojawapo, akatazama ng'ambo ya banda alikosimama Winnie, pacha wa Maud, wa manjano, mzima, mbawa zake zote mbili zikiwa mahali pake.

Ndivyo mjane anavyomtazama jirani ambaye mumewe amerudi salama. Si chuki hasa. Ni swali moja lisiloisha: kwa nini wako?

Ray alikuwa mtoto wa mchimba mitaro ya kutolea maji mashambani, na maisha yake yote alitengeneza mashine za kuvunia viazi. Alioa mapema, akampata Sheila, mwanamke mwenye ulimi na moyo, nao hawakujaliwa mtoto. Alikuja kwetu baada ya kumzika mama yake. Aliomba afagie sakafu. Tulikuwa na ndege mbili za mafunzo za wakati wa vita, zenye umri mkubwa kuliko wengi wetu, na moja ilikuwa mifupa mitupu ya chuma ambamo njiwa walikuwa wametaga. Hiyo ndiyo aliyopewa. Kwetu ndege akishapewa jina hasemwi tena kama kitu, na Ray alimwita Maud kwa jina la mama yake. Winnie alikuwa wa Neville Blanchard, mwalimu mstaafu aliyefundisha watoto ufundi wa chuma. Kwa miaka mingi wazee hao wawili walitaniana kama mashemeji. Mmoja akisema binti yako anavuja mafuta, mwingine hujibu kwamba wako anakohoa akiamka.

Kisha likaja lile onyesho la ndege la Agosti, pwani. Gerald Pask, rubani wetu, alimrusha Maud mbele ya umati, akapiga naye duara la kupinduka kichwa chini angani, akaanza duara lile akiwa chini mno. Walianguka kwenye shamba la shayiri iliyokwisha kuvunwa. Hakuguswa mtazamaji hata mmoja. Gerald alikufa papo hapo. Ray alikuwa kwenye uzio, chupa yake ya chai mkononi.

Wachunguzi walisema mashine haikuwa na kasoro yoyote. Kilichopungua ni kimo. Tulidhani maneno hayo yangempa Ray nafuu.

"Wangesema ni boliti yangu," aliniambia, "ningejua pa kuuweka mkono. Sasa wananiambia alikuwa mzima. Alikuwa mzima, na amekufa, na yule kule bado amesimama."

Mimi ndiye nishonaye na kubandika vitambaa vya mikia, kwa hiyo nilifanya kazi katikati yao wote wawili, na yaliyofuata niliyaona.

Wakubwa wa usafiri wa anga walimzuia Winnie asiruke mpaka afunguliwe mwili mzima na kufungwa upya. Wadhamini wa chama chetu, walioogopa kifo cha pili, wakatoa neno lao: asiporuka kabla majira ya kuchipua hayajaisha, atauzwa kwa makumbusho moja ya Norway, atundikwe darini kwa nyaya. Neville alifanya kazi baridi yote iliyosalia, vidole vimevimba kwa yabisi. Mara moja alikwenda kwa Ray, kofia mkononi, kumwomba gurudumu la mkia la Maud, ambalo lilisalimika. Ray akamwambia Maud si duka. Neville akaagiza gurudumu kutoka Uholanzi, na Winnie akakaa akilisubiri, mkia juu ya gogo.

Serikali inataka kila kazi ya usukani ikaguliwe na mtu wa pili, asiyeifanya. Hilo liko kila mahali. Lakini banda letu lina desturi yake juu ya hiyo, tuliyoachiwa na mafundi waliotoka vitani: jicho la pili haliulizwi. Akisema hapana, ni hapana. Hatoi sababu, wala haombwi. Wazee wale waliamini kwamba mtu anaweza kuihisi kasoro kabla hajaipatia jina, na ukimlazimisha aitaje ataona haya na kunyamaza, na rubani atakufa kwa sababu ya haya yake.

Jicho letu la pili alikuwa Cyril, lakini Cyril alikuwa ametoka kupasuliwa macho na alivaa miwani myeusi kama mwizi. Aliyebaki na ruhusa ya kazi hiyo alikuwa Ray.

Basi Jumatano moja ya Aprili Ray alichukua tochi na kile kioo kidogo chenye mpini, akaingia tumboni mwa Winnie. Tulijifanya tunafanya kazi. Neville alishika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Ray alipotoka alijifuta mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Bado," alisema.

Neville alingoja. Ray akaongeza kwamba kebo za usukani wa mkia hazikumridhisha, akaenda kunawa. Neville alivua koti, akaanza kuzifungua upya, zote.

Juma lililofuata ikawa vilevile. Safari hii Barry, mpaka rangi wetu, alishindwa kujizuia. "Ray, hata baba mkwe wako hakukukagua hivyo."

"Angenikagua vizuri," Ray akasema, "Sheila angeolewa na wewe, akafa njaa."

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kila mmoja wetu alijua. Kwa desturi yetu hakuna aliyeweza kutamka.

Aliyeweza ni Sheila. Alinisimulia mwenyewe, sokoni, akichagua vitunguu. Alikuwa amempakulia soseji na viazi vya kuponda, akamwuliza ameona kosa gani kwenye ndege ya Neville. Ray akasema haimridhishi.

"Sikukuuliza kama umeridhika. Tangu lini wewe ukaridhika? Nimeuliza umeona nini."

Ray alikula.

"Wivu huo, Ray. Ungekuwa na mwanamke wa kando ningemfuata nikamng'oa nywele. Sasa unamwonea wivu mzee wa watu kwa sababu ya mabati, mimi nimfuate nani?"

Ray alimaliza soseji zake, akaosha sahani, jambo ambalo hakulizoea.

Mara ya tatu ilikuwa Mei, na muda wa wadhamini ulikuwa umekaribia kwisha. Neville alikuwa amechakaa. Mkewe alisema sasa hulala na viatu. Ray aliingia tumboni mwa Winnie na tochi yake, na safari hii alikaa mno. Niliacha sindano. Kutoka mle ndani haukusikika hata mkwaruzo.

Kilichokuwa mbele ya kioo chake ni kapi la mwisho kabisa, kigurudumu cha kupitishia kebo, karibu na mkia. Kebo ilikuwa imepita nje ya kizuizi chake. Ukiwa chini, usukani ungecheza vizuri, laini kabisa, kushoto na kulia. Angani, kwenye mtikisiko, kebo ingeruka kapi na kukwama, na rubani angesukuma kwa miguu usukani usiosikia. Safari mbili za kwanza kebo hiyo ilikuwa mahali pake. Ray alikuwa ameikodolea macho kiasi kwamba angeweza kuichora.

Baadaye aliniambia kwamba kitu cha kwanza alichokihisi ni furaha. Hakuificha. Alilala pale gizani akiwa na furaha kama ya mtu aliyemfumania adui, kwa sababu hatimaye mrembo yule alikuwa na doa. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipojiuliza kebo ile ilifunguliwa na nani mara ya mwisho, na kwa sababu gani.

Alitoka. Hakunawa.

"Neville. Njoo uone."

Alimpa tochi na kioo. Neville alijikunja kwa taabu, akaingia, na alipotoka uso ulikuwa rangi ya majivu.

"Nimefanya mimi hili," alisema.

"Umelifanya kwa mikono tu," Ray akamwambia, na hakuipunguza sauti ingawa sote tulikuwa pale. "Mara ya kwanza ilikuwa sawa. Na ya pili. Hakukuwa na kitu, Neville. Sikuona kitu."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Namjua anayeficha penseli ya mwenzake."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Jicho la pili haliulizwi." Neville aliiweka tochi mezani. "Ningekutwanga na spana, Ray. Gerald alikuwa rafiki yangu pia. Unadhani mimi nilikuwa nalala?"

Ray akasema kwa sauti ya chini kwamba anaacha kazi hiyo, watafute jicho jingine.

"Nimpate nani? Hawa wote wanampenda Winnie. Watamkagua wakitaka awe mzima, na mtu akitaka hivyo huona hivyo. Wewe ulitaka umwone na kosa, umeliona, na umelisema. Kaa hapo. Ninarekebisha, kisha unaingia tena."

Aliingia tena. Alipotoka alisema "Sawa," neno hilo tu, nasi tukajua jinsi lilivyomgharimu, kwa kuwa hakumtazama mtu.

Winnie aliruka wiki ya mwisho ya Mei. Aliyemrusha ni Philippa, binti ambaye Gerald alimfundisha. Hakupiga duara lolote. Alikwea taratibu juu ya mashamba ya haradali, akapinda, akarudi juu yetu, na Pauline Pask, mjane wa Gerald, akainua mkono na kuuacha juu mpaka ndege ilipopita. Neville alikuwa analia waziwazi, na mkewe amemshika kiwiko.

Ray alisimama mbali kidogo. Kisha akaenda, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipishwa faini, akasimama kando ya Neville.

"Anavuta kushoto kidogo, unaonaje?" Neville akamwuliza, macho yakiwa bado juu.

Ingekuwa rahisi. Neno dogo tu la kukubali, na furaha ya mwenzake ingepata ufa.

"Havuti," Ray akasema. "Amenyooka."

Wivu haukuwa umemtoka. Alikuwa amesimama nao pale nyasini, akiisikiliza injini kama ingekosea, na injini haikukosea.