Jina ya Koko kwenye Karatasi ya Parsel

Mimi ni mwoga, niseme mbele. Hata leo mutu akitoa karatasi kwenye bahasha, ninakimbilia jikoni. Watoto wangu wananicheka: "Maman, ni fakture ya maji tu!" Wacha wacheke. Hawakuwapo kwetu Kadutu ile asubuhi, siku ya ine ya matanga ya papa, wakati papa mukubwa, kaka yake, alifungua sanduku ya bati mbele ya watu wote.

Nianzie nyuma kidogo. Papa alikuwa fundi wa mbao, alitengeneza vitanda na makabati karibu na soko ya Nyawera. Miaka ile serikali ilikataza majina ya ubatizo. Kila mutu aliambiwa atafute jina ya mababu zake aende kuiandikisha. Papa kuandika hakujua sana, yeye alijua kupima. Akanichukua mimi, mukubwa wa watoto wake, maana nilisifiwa herufi zangu kwa masista. Kufika buro, mwenye kazi akatupa fishi ya kujaza. "Situayen, jina gani?" Siku zile kila raia aliitwa hivyo. Papa akakuna kichwa. Mimi mwenye kujua yote nikamunongoneza: "Papa, tuweke jina ya koko, baba yako."

Alifurahi mubaya! Nikaandika mwenyewe jina yote kamili kwenye fishi, na kisha kwenye karatasi ya parsel yetu, kile kiwanja cha nyumba, maana nayo ilipaswa ibadilishwe. Papa akachovya kidole gumba kwenye wino, akagandamiza chini ya maandiko yangu. Njiani alininunulia beignet mbili, yale mandazi ya mviringo.

Kumbe kule Kamituga, kwenye alikuwa anachimba dhahabu, kaka yake naye aliwaza vilevile. Naye akachukua jina ya koko, yote, bila kubakiza kitu. Waliambiana tu siku ya Noeli, wakiwa wanakula bugali na samaki, na walicheka mupaka papa akapaliwa. "Sasa tuko mutu moja," papa mukubwa akasema. "Ukifanya maovu, batanifunga mie." Hakuna mutu alisema twende tubadilishe. Mimi nilicheka kuliko wote, hata nilijivuna, maana jina ilikuwa imetoka kwangu.

Halafu papa akafa. Homa siku tatu, basi.

Kwetu mujane anakaa chini kwenye mukeka, kichwa imefunikwa na kitenge, na haongei mbele ya ndugu za bwana yake mupaka siku ya kunyoa nywele, matanga inapoisha. Akifungua kinywa, watasema hakumupenda bwana, ao watasema kitu kibaya zaidi. Sasa maman yangu alikuwa mutu wa kuongea kuliko redio. Kumuona amenyamaza hivyo ilikuwa inanitisha kuliko jeneza yenyewe. Unisamehe, papa, lakini ni kweli.

Papa mukubwa alifika siku ya maziko, matope mupaka kwenye magoti. Alilia kaburini, na sitasema alijifanya. Alitubeba mumoja mumoja, hata mimi na miguu yangu mirefu.

Siku ya ine mvua ilinyesha tangu alfajiri, watu wakajibana ndani ya nyumba. Shefu wa kartie, mukubwa wa mtaa wetu, alikuwapo, na abakosti yake, ile koti ya kiserikali bila tai, na kamufuko ka mihuri. Papa mukubwa akasema ingefaa kuangalia karatasi za marehemu. Akanyoosha mukono. Maman akafungua fundo ya kitenge chake, akatoa ufunguo wa ile sanduku ya bati.

Papa mukubwa alisoma karatasi ya parsel polepole, akairudilia. Naapa, niliona uso ukimugeuka. Alianza kuisoma akiwa mutu wa kutuchunga sisi yatima, akamaliza akiwa mutu mwingine. Akatoa karte yake ya utambulisho mufukoni, akaiweka pembeni ya karatasi.

"Shefu, usome. Hii jina iko ya nani?"

Shefu akapangusa miwani. Akasoma huku, akasoma kule. "Iko yenu, muzee."

"Basi parsel iko yangu. Ndugu yangu alikuwa ananichungia tu. Na mabati ya kwanza njo mie niliyatuma, bote banajua." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Matanga ikiisha, mujane atarudi kwabo. Huyu mukubwa nitaenda naye Kamituga, atakuwa ananipikia. Bale badogo, tutaona nani atabakamata."

Yesu wangu. Alitugawa pale pale, huyu huku, huyu kule, kama sahani za matanga zinazorudishwa kwa wenyewe. Nilimuangalia maman. Chini ya kitenge uso haukuonekana, lakini mukono wake ulikuwa umekamata mguu wa mudogo wangu wa mwisho, ameukaza mupaka mutoto akaanza kulia.

Nilikuwa ninajua vitu viwili. Cha kwanza, ile jina niliiweka mimi. Cha pili, gumba ya papa ya mukono wa kuume ilikatwa na musumeno mimi nikiwa mudogo, ikapona na bonde katikati, na alama yake kwenye karatasi ilikuwa vipande viwili. Mutu yeyote mwenye macho angeiona. Nilisubiri mutu mukubwa aione. Mungu wangu, watu wazima wanajua kunyamaza! Kila mumoja alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Papa mukubwa," nikasema, "ile jina njo mie niliiandika."

Akageuka. Akasema na watu, si na mimi: "Mutoto mwanamuke anasema mbele ya bakubwa ku matanga ya baba yake. Na mujiulize sasa nani alimukula ndugu yangu."

Kila mutu alielewa. Alikuwa ananiita mulozi, mwenye kula watu kwa uchawi. Mwaka ule ule, mitaa miwili chini yetu, walikuwa wamemufukuza musichana wa umri wangu na mawe kwa neno kama lile, na hakuna mwenye alijua alienda wapi. Watu wenye walikuwa karibu na mimi walisogea. Sikuona vibaya, walisogea. Mukojo ulinitoka kidogo, ninaandika bila haya. Na maman alinyanyua kichwa, kitenge kikateleza, kinywa kikafunguka, na nikaona kwamba ataongea, na akiongea tumekwisha sisi wote.

"Muangalie kidole!" nikapiga kelele kabla hajasema. "Kidole ya papa ku karatasi! Musumeno iliikata!"

Shefu akapeleka karatasi mulangoni kwenye mwanga. Alikaa nayo. Mvua ilikuwa inamurukia kwenye viatu. Kisha akarudi, akatafuta ndani ya kamufuko, akatoa kale kasanduku ka wino wa mihuri, akakafungua juu ya meza.

"Muzee, mulete gumba yenu. Tuiweke pembeni."

Papa mukubwa akaangalia gumba yake. Ilikuwa nzima, kubwa, na weusi wa migodi chini ya ukucha. "Mie siko mwizi," akasema, "wa kutiwa wino ku matanga ya ndugu yangu."

Hapo shangazi yangu, mudogo wao wa pekee, akasimama. Tangu maziko alikuwa hajala. "Kaka, siku musumeno ilimukata, njo mie nilifunga ile kidole, na kitambaa yangu ya kichwa. Niko naijua." Akaja kusimama nyuma yangu, akaniwekea mikono miwili kwenye mabega, mbele ya wote. "Na huyu mutoto hakukula mutu."

Papa mukubwa akachukua karte yake, akaikunja bila sababu. "Tulicheka, ile Noeli," akasema, na sijui alikuwa anamuambia nani. Akatoka kwenye mvua bila kofia. Hakungoja siku ya kunyoa. Mupaka jioni shangazi hakuniacha niende hata chooni peke yangu.

Kesho yake baada ya kunyoa tulienda kwa shefu, maman na kichwa cheupe bila nywele. Shefu akasema karatasi ifanywe upya, ile maneno isirudie. Akanipa bik ya kuandikia. Nikaiweka juu ya meza.

"Maman, siandiki tena. Njo mie niliwaletea hii taabu."

Tangu asubuhi maman alikuwa amerudilia kuongea, alikuwa amekwisha kugombeza nusu ya kartie. Sasa akairudisha bik mukononi mwangu. "Andika jina yangu," akasema.

Shefu alikohoa, lakini hakukataa. Nikaandika herufi moja moja. Maman akachovya gumba kwenye wino, na kabla ya kugandamiza akaomba karatasi ya zamani, akaiweka karibu, akaangalia vile vipande viwili vya papa. Kisha akagandamiza yake, kwa nguvu, mupaka meza ikalia.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma jina yake. Niliweka kidole chini ya kila herufi.

"Nani mwingine iko nayo?"

"Hakuna, maman."

"Rudilia."