Kiwiko cha Mzee Yeslam

Kwa miaka arubaini na moja Bi Sheikha wa Jomvu Kuu alikuwa na lalamiko moja tu katika ndoa yake, nalo ni kiwiko cha mumewe. Mzee Yeslam, muuza vitambaa, mtu mpole asiyejua kugombana hata na mteja mkorofi, usiku alikuwa akimdukua mbavuni mpaka ageuke. Asubuhi akiulizwa, hucheka. "Niwie radhi, Sheikha. Niliota nacheza mpira." Mpira gani, na raba zenyewe hakuwahi kuvaa! Bi Sheikha alikihadithia kiwiko hicho kila penye harusi, na wanawake wakafa kwa kicheko.

Kisha Mzee Yeslam akafariki.

Mjane hajamaliza hata mwezi mmoja wa eda, usingizi ukamhama. Alikuwa akishtuka anatweta, koo limemkauka, moyo unamwenda mbio, kisha macho makavu mpaka alfajiri. Mchana akisinzia juu ya sinia ya mchele. Majirani wakasema ni majonzi. Wengine wakasema ni jinamizi. Akaandikiwa kombe la aya za Kurani, akanywa, moyo ukatulia kidogo, lakini usingizi haukurudi. Jirani mmoja, kwa mapenzi tu, akamletea vidonge vyake vya usingizi. Usiku huo Bi Sheikha alilala kweli, na aliyekesha akawa Hadeel, mjukuu aliyeletwa kumliwaza. Alimsikia bibi yake akikoroma, akinyamaza kimya, kimya kirefu cha kutisha, kisha akigutuka kama mtu aliyeopolewa majini. Kulipokucha Hadeel alivificha vidonge, akampigia babake simu.

Safwan, mwana wa pekee, akaja kutoka Mkomani.

"Mama, eda ikisha nakuchukua. Hadeel arudi skuli, nawe hukai peke yako nyumba hii."

"Nyumba hii niliingia bi harusi, Safwan. Huko ghorofani kwenu n'takwenda kufanya nini?"

"Kulala, Mama."

Jibu hilo lilimchoma. Walikatana maneno mpaka wakasikizana: eda ikimalizika ataonwa na daktari, na ikiwa mwezi wa Rajabu utaandama naye hajapata usingizi, atafungasha vitu vyake.

Eda ilipokwisha, Daktari Mercyline alimpa Bi Sheikha kifaa cha kupima pumzi akalale nacho nyumbani usiku mmoja. Aliporudi, daktari akamwonyesha majibu.

"Pumzi yako inakatika usingizini, bibi. Kila saa, zaidi ya mara thelathini. Ikikatika, mwili unakuamsha uvute hewa. Na sidhani ni jambo la juzi. Mzee hakuwahi kukwambia unakoroma?"

"Hata siku moja! Yeye ndiye aliyekuwa msumbufu, na kiwiko chake." Akaihadithia hadithi ya mpira kama alivyozoea, akangoja kicheko.

Daktari hakucheka. "Na ukidukuliwa, ulikuwa ukifanyaje?"

"Nageuka ubavu."

"Kwa wengi, bibi, wakilala ubavu pumzi hupita vizuri zaidi."

Bi Sheikha alijijua. Yeye ambaye hatoki hata ukumbini bila wanja, angeambiwa anakoroma angejificha mwezi mzima. Yule mume wake alilijua hilo, akaona bora achekwe yeye.

"Miaka arubaini na moja nimemsema mbele za watu," alisema, na machozi yakamtoka. Daktari akamwacha alie.

Halafu akamweleza kwamba maradhi yake ni mawili na yameshikana mikono. Pumzi inamwamsha, akishaamka, woga wa kitanda unamnyima usingizi. Akipewa mashine ya kumsukumia hewa puani peke yake, ataivua, maana atalala nayo macho. Ratiba ya kulala peke yake, pumzi itamwamsha. Basi vyote viwili: avae barakoa ya mashine, asipande kitandani kabla ya saa tano, aamke alfajiri, asisinzie mchana, na usingizi ukikataa atoke kitandani akakae pengine.

Wiki ya kwanza aliichukia ile barakoa mno. Akawa anaivaa mchana apate kuizoea, na jirani aliyekuja kuomba ndimu akakimbia bila ndimu. Usiku usingizi ukikataa, alikwenda ukumbini kutarizi kofia aliyokuwa akimshonea mumewe kabla hajafa. Kofia ilikwenda mbio wiki hiyo. Wiki ya tatu ikaenda polepole. Ya sita, sindano ilibaki palepale ilipochomekwa.

Mwezi wa Rajabu ulipoandama, Safwan alikuja kulala hapo ajionee mwenyewe. Asubuhi alimkuta mama yake jikoni anakaanga mahamri, uso umenawiri. Akaichukua kofia, akaigeuzageuza.

"Mbona hii hujaimaliza?"

"Usiku sina nafasi, mwanangu. Nalala."

Safwan alicheka, kisha akainama kufuta macho. Habari ya kufungasha vitu haikutajwa tena.

Asichomwambia ni kwamba kila usiku, saa tano ikifika, huvaa barakoa, akaulaza mpira wa hewa wa mashine juu ya mto wa Mzee Yeslam, akamwombea dua. Kisha hugeuka ubavu mwenyewe, bila kudukuliwa.

"Nishageuka, Yeslam," humwambia. "Sasa nawe lala."