Mwalimu wa Kambi na Swali Lake

Jumanne iliyopita, kabla jua halijawa kali, tulimzika mwalimu wa kambi ya reli pale Zuzu. Homa ilimlaza siku tatu tu. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba sitaji watu kwa majina, na sijawahi kuijutia desturi hiyo mpaka juma hili. Kwa wasioijua kazi yake, niseme hivi: mchungaji ana kanisa, kengele na daftari la ubatizo, na watu humfuata alipo. Mwalimu wa kambi hana hata kimoja. Huyu alitumwa akae na watu walioletwa kujenga reli ya Wadachi, awatembelee wagonjwa wao na kuwazika wafu wao, wawe wa dini yake au wasiwe.

Mimi ni mzee wa kanisa, na nakiri kwamba sikumpenda. Mwaka mzima kambini, asituletee hata jina moja la kuandika daftarini! Nilisema katika baraza la wazee kwamba mtu yule anakula ugali wa kanisa bure, nikataka arudishwe awafundishe watoto kusoma. Akaitwa, akaja na vumbi lake, tukamwuliza amefanya nini huko. Badala ya kujitetea, akatusimulia kosa. Siku zake za kwanza alikufa mpasua mawe mmoja, mgeni asiye na ndugu kambini, naye akamzika kwa namna aliyoijua: miguu mashariki, wimbo, sala. Baada ya majuma mawili akafika kaka wa marehemu kutoka Kolo, upande wa Kondoa, Mwislamu, akauliza nani alimwosha ndugu yake, nani alimsalia, na uso wake umeelekezwa wapi.  Basi akafuatana na yule bwana kwa miguu hadi Kolo, akaketi mbele ya mama mzazi, akalisema kosa lake kwa kinywa chake. Mama akasema, "Mwanangu, ungemwuliza angali hai." Tangu hapo kila mgonjwa aliyeingia katika banda la wagonjwa aliulizwa mambo mawili: ukitutoka, tukulaze vipi, na nani aambiwe? Mchungaji wetu, anayenizidi busara, akafunga kikao. "Mwacheni arudi," akasema. "Mimi nawalinda walio wangu. Yeye amepewa wasio na mtu."

Niliondoka nimenuna. Lakini aliye juu mngoje chini. Mvua za mwaka ule nilikwenda Zuzu kumwona shemeji, homa ikanishika, nikabebwa mpaka bandani humo humo. Akaja, akaketi chini kando yangu. "Mbukwa, mzee," akanisalimu kwa Kigogo chake kibovu. Kisha akaniuliza swali lake.

"Unanitakia kifo?" nikafoka.

Akacheka kwanza, kama kawaida yake. "La, mzee. Nataka kukujua tu."

Nikamtaja mke wangu aliyeko Miyuji. Halafu, sijui kwa nini, nikamtaja ndugu yangu, ambaye hatukuwa tumesemeshana tangu tugombee malisho. Homa iliposhuka nikafumbua macho, na ndugu yangu alikuwa ameketi mlangoni, miguu yote tope. Mwalimu hakungoja nife ndipo amwambie. Nililia bila haya, na barua ya kumlalamikia, niliyokwisha kuianza, niliitia motoni nilipofika nyumbani.

Zamani mtu wa huku alikufa katikati ya watu waliomjua tangu tumboni. Sasa reli inawakokota watu kutoka kila upande, na mtu anaweza kufa akiwa mgeni hata kwa aliyelala mkeka mmoja naye. Mchungaji mwema hawezi kuacha kanisa lake awafuate wote hao. Yupo tunayemhitaji kwa kazi hiyo, na mimi nilidhani kazi hiyo ni uvivu.

Kaburi lake lilichimbwa na watu wa kambi, Wagogo, Wanyamwezi na watu wa Kondoa. Tulipokwisha kumlaza, miguu mashariki, mnyapara wao, Mwislamu wa Kondoa, akanigeukia. "Mzee, kulazwa kwake tumekujua. Nani aambiwe?"  Mwalimu alikuja na reli kutoka pwani. Zaidi ya hapo hatukujua kitu. Aliuliza kambi nzima, na sisi hatukumwuliza hata mara moja. Leo ningeivunja desturi yangu nikamtaja, lakini tulilo nalo ni jina la ubatizo tu, ambalo wanalo wengi. Jina la kwao silijui.

Kila mahali yupo mtu mmoja anayeuliza habari za wote. Mwulizeni na zake, angali hai. Gazeti hili hushuka na reli mpaka pwani. Ikiwa nyumbani kwenu aliondoka kijana atumiaye mkono wa kushoto, mwenye pengo mbele, anayecheka kabla ya kujibu, amelala Zuzu, kati ya wale aliowazika. Kama ni wenu, basi mmeambiwa.