Nepi ya Hawa Ilifika Renji, Mimi Sikufika

Nawaambieni mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Sindeni wanaoiongezea chumvi: ndiyo, ni mimi niliyemrukia afande nikaung'ang'ania mti wa bendera mbele ya kuruta wote, na ndiyo, juu ya ule mti ilikuwa inapepea nepi ya mwanangu. "Wewe mama, una wazimu?" akaniuliza. Nikamwambia sina wazimu, nina mtoto. Uvumilivu wangu wa miezi minne ulikatikia hapo, na cheti changu nacho kikakatika.

Nilijiunga na mgambo kwa sababu moja tu. Shamba moja la mkonge upande wa Mnyuzi linataka walinzi wa geti, wanawake pia, lakini uwe na cheti cha mgambo, na cheti hupewi mpaka ukalenge shabaha risasi zako tano. Basi nimekimbia mchakamchaka maziwa yakinichuruzika kifuani, nimebeba bunduki ya mti, nimelala kifudifudi kwenye changarawe mpaka viwiko vikaota sugu, mwanangu Hawa nikimwacha kwa babamkwe maana baba yake yuko Dar na simu hapokei (tuyaache hayo, nisije nikaichana karatasi hii ninayoandikia).

Jioni ya kuamkia siku ya renji, huo uwanja wa shabaha ambao hakuna kuruta aliyekuwa ameuona, babamkwe akaniita. Ujana wake mzee huyu aliwinda nguruwe pori kwa gobore, na bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto.

"Mwanangu, kesho weka kitu begani. Mimi lilinitupa kichakani, kuzinduka nguruwe hayupo na bega halipo."

"Baba, zile si gobore, ni bunduki za serikali."

"Zote zinakula baruti."

Nikamwamini. Nilikuwa nimefua, kila kitambaa kimelowa, kikavu kilikuwa nepi moja ya Hawa, nikaikunja mara nne nikaibana kwa pini ndani ya shati jeusi, begani. Ilikuwa safi, naapa! Ila lile doa la njano kila mama analijua, jiki yenyewe imeshindwa.

Sasa afande angetupandisha gari asubuhi ile moja kwa moja, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini akasema miili yetu imelala, turuke kichura kwanza palepale uwanja wa mazoezi. Mruko wa tatu pini ikanichoma, wa tano ikafunguka, wa sita nikasikia kitu kinateremka tumboni, kikatokea chini ya shati na kutua mchangani mbele ya watu.

"Dada, umedondosha," akaninong'oneza Neema, rafiki yangu aliyekuwa nyuma yangu. Nikajifanya kiziwi nikaruka mbele, kana kwamba nepi huota uwanjani.

Afande akaiinua kwa ncha ya fimbo.

"Ya nani hii?"

Neema akatazama mawingu.

"Yangu, afande."

"Yako wewe mwenyewe?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaona nijieleze, kosa la pili, nikaeleza habari za babamkwe na teke la gobore, na hapo hapo nikapewa jina: Mama Gobore. Yangeishia hapo ningemeza. Lakini akaichukua ile bendera nyekundu ya kuwaonya wachungaji wasikatize renji, akaifunga nepi juu yake. "Leo hii ndiyo onyo. Hata ng'ombe watageuza!"

Ndipo nikamrukia. Na mdomo nao ukaniponyoka: "Afande, wewe ulipozaliwa ulivishwa magwanda?"

Safari hii walicheka wakimtazama yeye. Hakunisamehe. Wasaidizi wake wawili wakanibandua vidole kwenye ule mti kimoja kimoja, yeye akafungua daftari, akakata jina langu. "Rudi kanyonyeshe. Bunduki yangu huigusi." Gari likaondoka na wenzangu, bendera juu, nepi ikipepea. Nikabaki uwanjani peke yangu, na baadaye nikaanza kusikia milio kwa mbali, na kila mlio niliuhesabu kuwa wangu.

Neema alirudi jioni na bega lake zima. "Inasukuma tu, dada, kama mtu anakupita mlangoni." Nikalia. Nilifanya mazoezi yote yale, halafu nikapata hofu ya gobore la mtu mwingine. Sitaweka tena kitu begani maishani mwangu, hata kanga nitaibeba mkononi.

Kulia hakulindi geti, lakini. Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka ofisi ya mgambo mjini Handeni, nikaandika barua kwa mkono wangu, karani akasoma, akauma mdomo asicheke, akagonga muhuri:

YAH: MALALAMIKO YA KUNYIMWA ZAMU YA KULENGA SHABAHA

Mimi ni kuruta niliyehudhuria mafunzo yote bila kukosa. Nimefutwa jina siku ya renji baada ya mkufunzi kunidhalilisha mbele ya wenzangu. Kumjibu nilimjibu, sikatai. Naomba mambo mawili. Kwanza, nirudishiwe zamu yangu ya risasi tano kabla nafasi za kazi hazijajaa. Pili, mkufunzi arudishe nepi, maana mtoto anazo tatu tu.